Mafuta ya Mke wa Fundi Soli

Siku ile kwenye benchi la pembeni mwa barabara walikuwapo Fundi Soli, mshona viatu, ambaye benchi lenyewe ni lake; Meya, kinyozi, ambaye hajawahi kuchaguliwa na mtu yeyote lakini hapitishi siku bila kuahidi kitu; Mzee Ripoti, tarishi mstaafu, ambaye kila neno lake huanza na "taarifa nilizonazo"; na Mama Birika, muuza kahawa, pamoja na binti yake mchanga aliyelala mgongoni, mdomo wazi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na jengo la ghorofa moja, chini duka la vipuri vya baiskeli, juu chumba chenye pazia la zambarau. Ngazi zake ziko nje, ubavuni mwa jengo, hivyo kila anayepanda huonekana kuanzia visigino hadi utosi. Pazia lilikuwa limefungwa. Fundi Soli alikuwa amelikazia macho tangu baada ya chakula cha mchana, na kiatu cha mteja kilikuwa mapajani mwake hakijaguswa.

Mama Birika aliyaona hayo yote huku akipuliza makaa. Alikuwa mwanamke kijana, na kazi yake ya kuinama na kuinuka kutwa nzima ilimzoesha kuitazama mikono ya watu kabla ya nyuso zao. Aliuona mkono wa Fundi umeshika nyundo bila kupiga. Alimwona Meya amemwachia Mzee Ripoti upande wa benchi wenye kivuli, kama kila siku, akijifanya mtu wa kupenda jua.

— Leo hakunipungia mkono — akasema Fundi.

— Nani? — akauliza Mzee Ripoti, ingawa wote walijua.

— Mke wangu. Kila akipanda zile ngazi hufika katikati akageuka, akanipungia. Leo kapanda moja kwa moja. Tena na begi.

Meya akaacha kupuliza kahawa yake.

— Begi gani?

— Lile kubwa. La safari.

Hapo benchi zima likageuka kulitazama pazia la zambarau, kana kwamba lingejibu.

Kule juu alikuwa amepanga mwanamke mmoja mgeni, mrembo, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Watu walimwita Mwalimu wa Sura. Mafundisho yake yalikuwa kwamba ndani ya kila mtu zimelala sura: Malkia, Shujaa, Mlezi, Yatima, Msafiri, na nyingine. Kila sura, alisema, huamshwa na mafuta yake ya mimea. Unapewa kichupa kidogo, cha mchaichai au mnanaa au mkaratusi, unapaka kwenye mkono na nyuma ya sikio, unafumba macho, unavuta pumzi, na polepole unakuwa mtu mpya. Mke wa Fundi, ambaye kazi yake ni kupiga deki na kufua mashuka kwenye zahanati, alikwenda mara ya kwanza kwa kuvutwa na mfanyakazi mwenzake. Siku za karibuni akaambiwa kwamba sura yake ni Msafiri. Jioni ile alimweleza mumewe, kwa mdomo wake. Mumewe akacheka. Mke hakulirudia tena neno hilo mbele yake.

— Msafiri — akasema Fundi, akilitamka kama mtu anayetema kokwa. — Wengine wanaambiwa Malkia, wengine Mlezi. Wangu mimi anaambiwa Msafiri. Na leo kabeba begi.

— Sasa unataka kufanya nini? — akauliza Mama Birika.

— Kahawa hii ikiisha, navuka barabara. Nataka na ninyi mje, muwe mashahidi. Nitamwambia mbele ya wote waliomo humo: shuka, twende nyumbani, na hizo chupa zimwagwe kwenye mtaro. Akikataa, basi akae huko huko. Asirudi kwangu.

Alilisema la mwisho kwa sauti ndogo, na ndiyo maana Mama Birika aliamini kwamba angelifanya.

Alimfahamu mke wa Fundi. Alipojifungua huyu mtoto aliye mgongoni, kule zahanati wauguzi walikuwa wachache na ndugu zake walikuwa mbali. Mwanamke wa usafi, ambaye hakuna aliyemtuma, aliweka ndoo yake pembeni, akaketi naye, akamsugua mgongo mpaka mtoto akatoka. Kisha akazichukua nguo zake zilizochafuka, akazifua, akazianika nyuma ya jengo mahali penye upepo, ili asubuhi mama atoke akiwa amevaa nguo safi. Tangu siku hiyo anamwita dada.

Na asubuhi ya leo dada huyo alipita hapa kijiweni kabla Fundi hajafungua kibanda. Alimnyooshea mkono.

"Hebu ninuse," alisema. "Nanukia nini?"

"Unanukia vizuri, dada."

"Vizuri vipi?"

Mama Birika alikuwa na birika linachemka na mtoto analia, akakosa neno. Mke wa Fundi akatabasamu kidogo, akasema, "Angalau wewe umesema kitu," akaenda zake. Maneno hayo yalimkaa Mama Birika kifuani tangu asubuhi, na hakuyaelewa. Akiyasema hapa mbele ya wanaume hawa, nani ajuaye watayageuza kuwa kitu gani? Akaona afadhali anyamaze. Akashika birika kwa kile kipande cha ngozi alichoshonewa na Fundi baada ya kuungua vidole, akaanza kumimina nusu nusu. Darasa la juu huisha jua likianza kulala. Kama kahawa itachelewa kuisha, huenda dada akashuka mwenyewe, kwa miguu yake, bila kushushwa.

— Mimi nilishasema tangu mwanzo — akaanza Meya. — Si nilikwambia, Fundi? Nilikwambia shemeji siku hizi ananukia. Alipita mbele ya kioo changu, wateja wote wakageuka, mmoja nikamkata upara wa pembeni. Mwanamke wa ndoa anayepaka manukato, tena ghafla, yupo anayemnusa.

— Mwanamume? — akauliza Mzee Ripoti.

— Sijasema mwanamume. Nimesema yupo anayemnusa.

— Kaka Fundi — akasema Mama Birika — anayejificha hapandi ngazi za nje mbele ya kibanda cha mumewe mchana kweupe.

— Huo ndio ujanja wenyewe, mama — akasema Meya. — Wa gizani hukamatwa. Wa mchana kweupe utamkamata kwa lipi?

— Taarifa nilizonazo ni tofauti — akasema Mzee Ripoti, akasogeza kofia yake. — Hakuna mwanamume hapo. Mambo ya mwanamume ni madogo. Jiulizeni, kwa nini aitwe Msafiri? Kwa sababu ana safari. Na nani kampangia? Mwenye mafuta. Nimefanya kazi ya kupeleka mizigo ofisini maisha yangu yote. Mzigo haupakiwi mpaka uwe na alama. Sasa ukitaka kuwachukua watu bila wao kujua, alama utaiweka wapi? Usoni itaonekana. Kwa hiyo unaiweka kwenye harufu.

— Harufu itasomwa na nani?

— Mbwa.

Meya akakohoa kahawa.

— Mbwa gani, mzee wangu?

— Mbwa wa huko wanakopelekwa. Mbwa akinusa mnanaa, anajua huyu ni wa jikoni. Akinusa mkaratusi, huyu ni wa shambani. Msafiri ndiye wa gari la kwanza.

— Mzee, mtaani hapa kuna mbwa mmoja, na anamwogopa kuku wa jirani.

— Ndiyo maana nikasema wa huko.

Mtoto akaamka mgongoni, akaanza kunung'unika. Mzee Ripoti akanyoosha mikono bila kuulizwa, akampokea, akamweka kwenye goti lake, na kuanzia hapo akaendelea na habari zake za kutisha kwa sauti ya kubembeleza. Mama Birika alipenda jambo hilo, ijapokuwa alitamani habari zenyewe ziishe.

— Mimi sikubaliani na mbwa — akasema Meya. — Suala liko nyuma ya sikio. Kwa nini waambiwe wapake nyuma ya sikio? Mbona si kwenye goti? Hapo nyuma ya sikio pana tundu linalokwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Mafuta yakiingia, mtu hana tena maamuzi yake. Ukimwambia wewe ni Malkia, anakubali. Ukimwambia hama, anahama.

— Tundu — akasema Fundi.

— Mimi ni kinyozi. Nimeona nyuma ya masikio mengi kuliko daktari yeyote.

— Na hilo tundu umeliona? — akauliza Mama Birika.

— Halionekani. Ndiyo ubaya wake.

— Hebu niongezee, mwanangu — akasema Mzee Ripoti, akinyoosha kikombe. Mama Birika akammiminia. Mzee akatazama ndani ya kikombe, kisha akamtazama yeye. — Leo unamimina kama dawa ya macho.

— Bado ya moto, mzee. Nisikuunguze ulimi.

Ili birika lisiishe upesi, akaongeza maji na kulirudisha kwenye makaa. Kwa kuwa alikuwa analitazama pazia, akasahau, na kahawa ikashika chini. Alipomimina tena, Meya alionja akakunja uso, na Mzee Ripoti akasema kwamba hicho kilikuwa kitu cha kusafishia masizi. Fundi alikunywa yake bila neno, akarudisha kikombe. Mama Birika akahesabu hilo kuwa ni wema wake, maana Fundi hakuwa mtu wa kumwaibisha mwenzake.

— Sikilizeni sasa — akasema Mzee Ripoti, akimfuta mtoto udenda kwa leso yake mwenyewe. — Nimekaa hapa nikizichunguza zile ngazi. Wanasema mafuta ya mimea. Je, nani kati yenu amewahi kuona jani likipandishwa kule juu? Hata ua? Hata fungu moja la mnanaa?

Walifikiri. Hakuna aliyewahi kuona.

— Wanapanda watu, zinashuka chupa — akasema mzee. — Haya, niambieni kinachokamuliwa humo ndani ni nini.

Meya akaweka kikombe chini.

— Mzee, unataka kusema wanakamuliwa wake zetu? — akauliza.

— Harufu zao. Kila mtu ana harufu yake aliyozaliwa nayo. Mtoto mchanga humjua mamaye kwayo, tazama huyu anavyonusa koti langu, anajua mimi siye. Basi wanamlaza mtu, anavuta pumzi, amefumba macho, wanaitoa ile harufu yake, wanaitia kwenye chupa, wanamuuzia mke wa mtu mwingine. Na mkeo wanamrudisha na harufu ya mwanamke wa mtaa wa pili. Ndiyo mabadiliko wanayoyasema. Mtu mpya, mtu mpya. Kumbe ni mtu wa jirani.

— Mungu wangu — akasema Meya polepole, na safari hii hakuwa anatania.

— Na ushahidi upo — akaendelea mzee. — Upo nyumbani kwa Fundi. Fundi, hebu tueleze. Zamani mkeo alinukiaje, na sasa ananukiaje?

Fundi akainama, akachukua kile kiatu cha mteja, akakigeuza, akakirudisha.

— Si Meya amesema ananukia.

— Meya ni mpita njia. Wewe ndiye unayelala naye chumba kimoja. Ni harufu ya maua? Ya majani? Ya ndimu?

— Nimesema ananukia, basi. Usinihoji kama karani, mzee.

Mama Birika alishangaa. Fundi Soli humjibu Mzee Ripoti kwa heshima hata anapotukaniwa soli zake. Aliona shingo na masikio yake vimebadilika rangi. Akadhani ni hasira ya wivu, na huruma ikamshika, kwa sababu mtu mpole akikasirika huwa hajui hata aiweke wapi ile hasira.

— Kaka Fundi — akasema — ngoja ashuke, umuulize nyumbani. Mbele za watu utamvunjia heshima. Zahanati nzima itajua kesho.

— Nimengoja sana, mama mtoto. Kila siku nangoja labda leo atasema kitu. Akirudi anakaa kitandani, ananitazama. Ananitazama hivi, kama mtu anayengoja basi. Mimi namtazama. Halafu anazima taa. Huyo ni mtu ambaye bado yupo?

Meya alimpa kipande cha mkate aliokuwa ameuweka kwa ajili yake mwenyewe, Fundi akakipokea, akakishika tu.

Birika likatoa tone la mwisho, pamoja na machicha. Fundi alilisikia kabla Mama Birika hajasema lolote. Akaweka kikombe chini, akasimama, akavua aproni.

— Imekwisha. Twendeni.

Meya akasimama, akachomeka shati. Mzee Ripoti akamrudishia mama mtoto wake kwa uangalifu, akajifunga kifungo cha juu cha koti kama anayekwenda kutoa ushahidi mahakamani. Walikuwa wameshaukanyaga ukingo wa barabara pale mlango wa juu ulipofunguka, akatoka mwanamke mnene aliyevaa vizuri, mguu mmoja peku. Alishuka akiegemea ukuta, ndala ya ngozi mkononi, akavuka barabara kwa kuchechemea. Hakuwa mtu wa mtaa ule, na hakuna aliyemjua.

— Samahanini jamani — akasema. — Nimeelekezwa kuna fundi viatu hapa.

Harufu ilikuwa imefika kabla yake. Ilikuwa kali, ya majani na ya ndimu na ya kitu kingine kama dawa ya kifua, yote kwa pamoja. Mtoto akapiga chafya, akapiga tena. Meya akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango wa chumba chake cha kunyolea, nyuma ya benchi. Mzee Ripoti akaishusha kofia puani.

— Fundi ni mimi — akasema Fundi Soli. Mkono wake ulishaipokea ile ndala. Hajawahi kumrudisha mtu aliye peku, na hata siku ile hakuweza. — Kaa. Ni mkanda tu. Nashona, kisha nina safari yangu hapo ng'ambo.

Mwanamke akakaa kwenye benchi, akashusha pumzi.

— Nimekanyaga chupa yangu mwenyewe. Imepasuka, mafuta yote yameingia kwenye ngozi, na mkanda ukakatika. Na mimi ndiye nimeambiwa ni Malkia.

Meya, kwa mbali, akashindwa kujizuia.

— Huko juu, dada, mnafanywa nini hasa?

— Hatufanywi kitu. Tunapumua.

— Kupumua si mnaweza kupumua hata nyumbani?

— Nyumbani nina watoto sita — akasema mwanamke.

— Na kulala? — akauliza Mzee Ripoti chini ya kofia. — Hamlazwi?

Mwanamke akamtazama kwa mshangao.

— Leo tumelala, ndiyo. Tuliambiwa tuje na kitu cha kutandika chini. Wengi tulisahau. Bahati nzuri mwenzetu mmoja, anafanya usafi zahanati, yeye kaja na begi zima la mashuka yake ya nyumbani, kayafua na kuyapiga pasi, akatugawia sote tuliokuja mikono mitupu. Yeye mwenyewe kalala kwenye kitenge.

Sindano ya Fundi ilisita, ikaendelea. Mama Birika aliiona.

— Namuonea huruma yule — akaendelea mwanamke, kwa namna watu wanavyowaambia wageni mambo ambayo hawawezi kuwaambia majirani. — Kabadilishiwa mafuta kuliko sisi sote. Alianza na mdalasini. Tukikutana tunaulizwa, nyumbani wamesemaje? Kila mtu ana lake. Mume wangu mimi alisema nanukia kama sabuni ya vyombo, tulicheka mpaka machozi. Yule kila mara jibu lake ni moja, hajasema kitu. Wakampa mnanaa. Hajasema kitu. Wakampa mkaratusi, ule ambao hata ng'ombe angegeuka. Hajasema kitu. Mwisho Mwalimu akamwambia, basi wewe ni Msafiri, wewe ulishaondoka humo ndani, imebaki miguu tu.

— Akamwambia hivyo? — akasema Mzee Ripoti. — Mwalimu? Mbele ya watu?

— Mbele yetu. Mimi sikupenda. Yule mama hata hakulia, alikunja tu ile leso yake.

Meya alimtazama Fundi, kisha akatazama chini. Fundi alikuwa ameileta ndala karibu na uso wake ili alione tundu la mshono, karibu kabisa, hata ngozi iliyolowa ikamgusa mdomo wa juu. Alivuta uzi, akaukaza, akainama tena palepale. Hakukunja pua. Hakupepesa jicho. Mama Birika, aliyekuwa amemfunika mtoto uso kwa nguo ili asipige chafya tena, alisimama akimwangalia.

— Fundi — akasema Mzee Ripoti taratibu. — Unawezaje?

— Kuweza nini?

— Kukaa na hicho kitu puani namna hiyo. Mimi niko huku, macho yananitoka machozi.

Fundi akashusha ndala. Alimtazama mzee, akamtazama Meya aliyejibana mlangoni, akamtazama mtoto aliyefunikwa. Alionekana kama mtu aliyeingia chumba ambamo wengine wote wanasikia muziki.

— Inanuka? — akauliza.

Mtoto akapiga chafya tena chini ya nguo.

— Sisikii harufu — akasema. — Siyo hii tu. Yoyote.

— Tangu lini, kaka? — akauliza Mama Birika.

— Sijui. Ilikwenda polepole. Ni hii gundi. Kwanza ilikuwa sabuni, nikasema nina mafua. Halafu chakula. Halafu siku moja nikainama nikamnusa mama watoto shingoni, hakuna kitu, kama ukuta. — Akafuta mikono kwenye aproni iliyokuwa mapajani. — Fundi wa viatu asiyejua gundi yake imeharibika au la, nani atampa kazi? Nikajifunza kuiangalia kwa macho.

— Lakini sisi — akasema Meya. — Hata sisi hukutuambia?

— Wewe, Meya, ukiambiwa kitu asubuhi, mchana kipo kwenye vioo vyote vya mtaa.

Meya akakuna kidevu.

— Nyumbani mke wangu alikuwa akiniuliza, leo mchuzi unanukiaje? Nasema, vizuri. Kila siku, vizuri. Siku moja uliungua. Nyumba nzima ilijaa harufu ya kuungua, kumbe, mimi nikakaa nikasema, unanukia vizuri. Alidhani namdhihaki. Hakula siku ile. Tangu hapo nikaona niache kabisa habari za harufu. Nisiseme nzuri, nisiseme mbaya. Nikanyamaza.

Mwanamke wa ndala alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Aligeuka akazitazama zile ngazi za ng'ambo, akamgeukia Fundi tena.

— Kumbe wewe ndiye mwenyewe — akasema.

Fundi akaitika kwa kichwa.

— Na yeye anajua? Kwamba husikii?

Lilikuwa swali la kawaida, kama mtu anavyouliza kama mvua imenyesha. Mzee Ripoti akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu watu wamfahamu hakuwa na taarifa yoyote. Mama Birika alikumbuka ule mkono ulionyooshwa kwake asubuhi, hebu ninuse, na akageuza uso wake upande wa makaa, ambayo yalikuwa majivu matupu na hayakuhitaji kutazamwa.

Fundi Soli aliinama akamalizia mshono, akakata uzi kwa meno, akapiga magoti, yeye mwenyewe akamvalisha yule mwanamke ndala yake, kama mtu anavyomvalisha mtoto. Kisha akabaki pale chini, mkono mmoja juu ya benchi, bila kuinuka.

— Hata hivyo yule Mwalimu simwamini — akasema Mzee Ripoti, akiirudisha kofia juu ya kipaji. — Jani hata moja sijaliona.

— Hata mimi, mzee — akasema Meya.

Hakuna aliyevuka barabara siku ile. Jumamosi iliyofuata mke wa Fundi Soli alikwenda tena pale juu, na mumewe, aliyekwisha kumwambia habari ya pua yake, alifunga kibanda mapema, akambebea begi la mashuka mpaka chini ya ngazi, akaketi hapo kumngoja.